Mguu wa Popi haukuwa wa kumuua, vidonge vyangu ndivyo vilikaribia: uzi kwa kila anayefuga mbwa

Goba Juu (mleta uzi):

Wakuu, habari za majukumu. Nimekuwa msomaji kimya wa jukwaa hili la mifugo kwa muda mrefu na leo naleta uzi wangu wa kwanza. Ni mrefu, mnivumilie. Yaliyonipata wiki mbili hizi sitaki yampate mwingine anayefuga mbwa kwa mapenzi tu kama mimi.

Nina mbwa dume wa kienyeji, Popi, miaka sita, kilo 14. Nilimchukua akiwa na wiki saba kwa jirani aliyekuwa anahama. Jumamosi ile, jioni kuelekea saa kumi na mbili, alikimbiza paka mpaka kwenye msingi wa nyumba tunayojenga, akaruka mtaro, akatua kwenye mawe. Nikasikia yowe moja fupi. Alipotoka, mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa juu, mitatu chini, masikio yamelala, ananitazama.

Nilimkagua. Hakuna damu, hakuna mfupa uliotoka, goti limejaa kidogo. Ugali wake wa dona na dagaa alikula wote. Nikasema ameteguka huyu, kesho atakuwa sawa. Mzee jirani akaja na mafuta ya moto, akasema tumchue. Alipobonyeza goti, Popi, ambaye hajawahi hata kuningurumia, aligeuka akaudaka mkono wangu mdomoni. Hakuuma. Aliushika tu, akauachia, akaulamba. Nadhani alikuwa ananiomba nimwache, mimi sikumwelewa.

Usiku akawa analalamika chinichini. Mama yangu anatumia diklofenaki ya mgongo, iko kabatini. Nikajiambia, kama inamtuliza mama itamtuliza na huyu. Nusu kidonge ndani ya tonge. Asubuhi nusu, jioni nusu, Jumatatu asubuhi nusu. Na wakuu, ilifanya kazi! Jumapili mchana alikanyaga chini, akakimbia mpaka getini kumpokea mwanangu. Sisi wote tukashangilia. Sasa najua kwamba goti lililochanika lilikuwa linakimbizwa bila maumivu ya kulizuia.

Jumatatu jioni akakataa kula. Usiku akatapika vitu vya kahawia vyenye chembechembe, kama machicha ya kahawa. Jumanne alfajiri kinyesi kilikuwa cheusi, kinanata kama lami, na harufu yake siwezi kuieleza. Nikamfunua mdomo: fizi zake, ambazo siku zote ni nyekundu nyekundu za afya, zilikuwa zimepauka kama karatasi.

Bajaji mbili zilikataa kumbeba. Ya tatu dereva alikuwa Mwislamu, akanieleza kwa upole shida yake na mate ya mbwa. Nikamwambia nitatandika turubai siti nzima na nimemfunga kwenye shuka, hatagusa kitu. Akakubali, akaendesha taratibu kuliko ambulensi. Mungu ambariki.

Daktari hakuuliza habari za mguu. Swali lake la kwanza: "Umempa dawa gani?" Nilipotaja, alinyamaza kidogo, akaanza kutafuta mshipa. Popi alilala siku mbili kwenye dripu, na dawa za kuziba vidonda vya tumbo, na damu ikapimwa kuangalia figo. Figo zimepona. Daktari alisema siku moja zaidi ya vidonge vile tungekuwa tunaongea mengine.

Siku ya tatu ndipo mguu ukaangaliwa. Alimpa sindano ya kumlegeza, maana mbwa mwenye maumivu hukaza paja likaficha kila kitu. Akamlaza ubavu. Mkono mmoja ukashika paja juu tu ya goti, mwingine ukashika muundi chini yake, kisha akausukuma muundi mbele. Mguu wa kulia, ule usio na tatizo, haukusogea. Wa kushoto uliteleza kama droo ya kabati. Akanichukua mkono wangu akauweka pale nisikie mwenyewe, na niliusikia. Eksirei ikaonyesha mifupa yote salama, ila goti limejaa maji. Iliyochanika ni ligamenti, ule mkanda unaoshikilia mifupa ndani ya goti, ile ile inayowatoa wachezaji uwanjani wakiwa wamebebwa.

Kwa kuwa ni mwepesi, ameshauri tujaribu mapumziko makali ya wiki nane kabla ya kufikiria upasuaji. Makali maana yake asikimbie, asiruke, asipande ngazi. Na hapo ndipo naomba msaada wenu: mbwa aliyezoea uwanja mzima mnamtulizaje wiki nane?

Tabata Segerea:

Pole sana mkuu, na asante kwa kusema ukweli wako hadharani. Mimi wangu aligongwa na bodaboda mwaka juzi, mguu wa mbele. Sikumpa vidonge, nilifanya kosa jingine. Nilimpeleka kwa mzee anayefunga watu mifupa, akampiga mianzi na kitambaa, kaza kweli kweli. Nikaona mbwa ametulia nikafurahi. Siku ya tano vidole vilikuwa vimevimba na vya baridi, halafu harufu. Damu ilikuwa haipiti. Mfupa wenyewe ulikuwa umevunjika vizuri tu, daktari alisema ungeunga. Ikabidi mguu ukatwe begani.

Leo anatembea na mitatu, na akisikia geti bado ni wa kwanza kufika. Lakini kila nikimwangalia nakumbuka siku ile ya tano. Mguu ukifungwa bandeji yoyote, acha vidole viwili vya kati vionekane na uviguse asubuhi na jioni. Vikiwa baridi au vimeachana kwa uvimbe, fungua muda huo huo.

Mifugo Moro:

Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma hapa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Ndugu mleta uzi, hongera kwa kumwahisha. Wengi hufika fizi zikiwa nyeupe kabisa.

Nianze na vidonge, maana hicho ndicho kiini cha uzi wako. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali ambazo pia zinalinda ukuta wa tumbo na kupeleka damu kwenye figo. Mbwa anaumia nazo haraka kuliko mtu. Sisi tunazo za jamii hiyo hiyo zilizopimwa kwa mbwa, kama meloksikamu, lakini hutolewa kwa kilo, baada ya chakula, na kamwe hazichanganywi na nyingine wala na dawa za steroidi. Panadol nayo si rafiki: kwa mbwa dozi ikizidi huharibu ini, na kwa paka kidonge kimoja kinatosha kumuua. Kwa anayedhani tunakuza mambo, diklofenaki waliyopewa ng'ombe India, Pakistani na Nepali iliangamiza tumbusi waliokula mizoga yao, karibu waishe kabisa, mpaka mwaka 2006 nchi hizo zikaipiga marufuku kwa mifugo. Ndege aliyekula nyama tu alikufa kwa figo.

Sasa mguu. Mbwa akiunyanyua ghafla, usianze kubonyeza. Mwangalie kwanza anavyosimama na kutembea. Anayegusisha ncha za vidole na kuzinyanyua, mara nyingi shida ni goti, na akikaa utaona mguu huo ameutupa pembeni badala ya kuukunja. Mguu unaoning'inia au kupinda pasipo na kiungo umevunjika. Ukionekana mfupi kuliko mwenzake na umeingia chini ya tumbo, nyonga huenda imetoka kwenye kikombe chake, na hiyo hurudishwa kwa urahisi siku mbili za mwanzo, baada ya hapo inakuwa vita. Mbwa mdogo wa ndani anayeruka hatua tatu kwa miguu mitatu kisha anatembea kama hakuna kitu, pia ya goti ndiyo inayotoka na kurudi, ile wazee waliyoiita kilegesambwa. Anayeburuza mguu kwa mgongo wa unyayo ana shida ya neva au uti wa mgongo, huyo asisubiri kesho.

Baada ya hapo ndipo uguse, ukianzia chini. Tenganisha vidole kimoja kimoja: mwiba, chupa, kucha iliyong'oka, kung'atwa na nyuki. Nimeshaona watu wanaleta mbwa kwa ajili ya eksirei, kumbe ni mwiba wa mchongoma kati ya vidole.

Aliyegongwa na chombo, hata mguu ukionekana ndio tatizo pekee, tazama fizi, anavyohema, na kama anakojoa. Bonyeza ufizi uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Isiporudi, huenda anavuja damu ndani. Mbebe juu ya ubao au shuka iliyovutwa na watu wawili. Na mfunge mdomo kwa upole kabla ya kumnyanyua, ukanda wa kanga unatosha: fundo moja juu ya pua, vuka chini ya kidevu, funga nyuma ya masikio. Ila anayetapika au anayehema kwa shida usimfunge.

La mwisho na nalisema kwa uzito. Miguu ya nyuma kulegea ghafla kwa mbwa asiye na chanjo, hasa akiwa na mate mengi au sauti imebadilika, inaweza kuwa kichaa cha mbwa cha aina ya kupooza. Hakina ukali ule mnaoujua. Usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Akikuuma au mate yakiingia kwenye mchubuko, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu ukishaanza kwa mtu hautibiki. Ndugu mleta uzi, Popi ana kadi ya chanjo?

Goba Juu (mleta uzi):

Anayo daktari, nachanja kila mwaka. Asante sana. Yale maelezo ya kukaa na kuutupa mguu pembeni yamenigusa. Jumapili nzima alikuwa anakaa hivyo mbele yangu, nikadhani anajinyoosha.

Kifaranga:

Mkuu bila kukukwaza, ni mbwa tu. Hela ya dripu na eksirei ungepata watoto wa mbwa watano bure mtaani.

Goba Juu (mleta uzi):

Hujanikwaza ndugu, ndivyo nilivyoambiwa na watu wengi hapa mtaani, wengine wamesema nimpige sindano ya kumlaza moja kwa moja. Nikujibu kwa moyo. Miaka miwili iliyopita wezi waliingia kwangu saa nane usiku nikiwa safari. Mke wangu na watoto walikuwa wenyewe ndani. Popi alisimama mlangoni mpaka majirani wakaamka, alichanwa bega kwa panga na hakuondoka. Kovu lipo. Sasa leo nimwambie nini? Isitoshe maumivu mengi aliyoyapata nimemsababishia mimi. Na nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, mnyama uliyemfuga akiumia una wajibu naye.

Kuhusu hela niliweka hesabu. Jumla laki tatu na themanini. Eksirei, daktari na dawa za mguu hazikufika nusu. Iliyobaki ni dripu, kulazwa na vipimo vya damu, yaani gharama ya vidonge vinne vya nusu nilivyovitoa bure kabatini.

Ngong Upepo:

Pole ndugu, nakusoma kutoka Nairobi. Wangu ni Rottweiler, kilo 46, na kwa uzito huo mapumziko peke yake hayakusaidia kitu. Miezi mitatu nilimfungia na bado alichechemea, paja likakonda mpaka likawa kama la mbwa mwingine. Nikaenda Kabete, mahali Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundishia udaktari wa wanyama, nikaelezwa mambo ambayo sikuwa nimeyasikia. Kwa mbwa mkubwa, goti lililolegea linasaga gegedu kila hatua, na baridi yabisi inaingia mapema. Akafanyiwa upasuaji.

Kitu ambacho ningependa ukijue mapema: karibu nusu ya mbwa waliokatika ligamenti hiyo upande mmoja hukatika na ya upande wa pili. Wangu ilikuwa miezi kumi na moja baadaye. Kwa hivyo usiulinde mguu mbovu pekee, linda na ule mzima. Punguza uzito. Weka zulia juu ya vigae vinavyoteleza pale anapopita. Na ile mambo ya kuruka kutoka kwa gari ikome kabisa.

Binti Kigamboni:

Samahani wakuu nadandia uzi. Wangu jike anachechemea, lakini leo mguu wa mbele kulia, juzi ilikuwa wa nyuma. Hajaanguka popote. Amepoa, chakula hali vizuri, na masikioni ana kupe wengi. Nimchue?

Mifugo Moro:

Usimchue dada. Mguu unaohama pamoja na kupoa na kupe, mimi nawaza homa ya kupe kabla ya kuwaza mfupa. Kuna wadudu wa damu wanaoletwa na kupe wa kahawia, wanavimbisha viungo. Angalia fizi na tumbo kama kuna vidoti vyekundu, na kama pua imewahi kutoa damu. Mpeleke akapimwe damu kesho, inatibika kwa dawa ya wiki nne ukiwahi. Kupe usiwang'oe kwa mkono mtupu.

Goba Juu (mleta uzi):

MREJESHO, wiki ya tatu.

Nashukuru wote mlionitumia ujumbe. Niliunda banda kwa mbao za mapaleti, mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, nikaliweka barazani na si kule nyuma alikozoea. Sababu ni kwamba usiku wa kwanza nilimweka nyuma, akalia mpaka saa tisa, akawa anajirusha kwenye mbao. Barazani anatuona. Mke wangu, ambaye huko nyuma alikuwa hampendi sana, sasa anachambulia mchele pembeni ya banda kila jioni, na Popi analaza kidevu kwenye ubao wa chini anamwangalia mikono. Hapo ndipo anapotulia kuliko kwa chochote nilichojaribu.

Kwenda haja natumia kanga. Inapita chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, ncha zote mbili nazishika juu, namsaidia uzito. Kwa dume angalieni isibane uume. Dakika tano, mara nne kwa siku, kamba fupi, kurudi ndani. Siku tatu za mwanzo baada ya kutoka kwa daktari niliweka barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika kumi kumi. Alichukia ya kwanza, ya pili alilala usingizi.

Dawa ya maumivu ya jamii ile alikatazwa mpaka tumbo lipone, akapewa ya namna nyingine. Na chakula kimepunguzwa robo kwa sababu hatembei. Ananitazama sana wakati wa kula. Inaniuma, lakini siongezi.

Swali kwa daktari: anakanyaga vidole, lakini nitajuaje kwamba anauamini mguu na si kwamba ananizoesha tu mimi kuona vizuri?

Mifugo Moro:

Swali zuri sana hilo. Mbwa hujua kuficha, hasa mbele ya mwenye nyumba. Pima mapaja yote mawili kwa futi ya cherehani, mahali pale pale, kila Jumapili, uandike. Paja linalotumika hurudisha nyama. Na kuna jambo jingine ambalo dume hawezi kulificha. Tazama anakojoa vipi. Huko nyuma alikuwa ananyanyua mguu gani?

Goba Juu (mleta uzi):

Alikuwa ananyanyua wa kulia, kwenye kisiki cha mwembe, kila asubuhi. Tangu aumie ama anachuchumaa kama jike ama ananyanyua huu huu mbovu.

Mifugo Moro:

Basi subiri kisiki kikujibu. Kuanzia wiki ya tano ongeza matembezi ya kamba, taratibu sana, dakika tano kila wiki. Taratibu ndiyo inamlazimisha atumie mguu, akikimbia ataunyanyua. Akichechemea zaidi jioni, kesho yake punguza.

Tabata Segerea:

Mkuu vipi huko, mbona kimya? Wiki ya ngapi sasa?

Goba Juu (mleta uzi):

MREJESHO, wiki ya tisa. Samahani kwa ukimya, niliogopa kuandika mapema.

Mapaja: siku ya kwanza kupima la kushoto lilikuwa sentimita nne pungufu ya la kulia. Jumapili hii limebaki moja. Daktari amelishika goti tena, bado droo inasogea kidogo, lakini pembeni kumejengeka nyama ngumu inayolishikilia, na upasuaji tumeuweka kando. Matembezi ni dakika ishirini na tano. Kule kwenye msingi nimeweka uzio wa mabati. Vidonge vya mama vimehamia kwenye kabati la chumbani kwake, lenye ufunguo.

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilimtoa kama kawaida, kanga begani ikiwa itahitajika. Akaenda mpaka kwenye kisiki, akakinusa kwa muda mrefu. Akajiweka sawa, akaegemea kushoto, na akanyanyua mguu wa kulia. Alitetemeka kidogo, mguu wa kushoto peke yake chini nyuma, mzima kwenye udongo, unyayo wote. Nilihesabu mpaka nane. Kisha akaushusha, akapekua mchanga kwa miguu yote minne, akaelekea getini.

Nimemwita mke wangu nje na hakuweza kuamini, ikabidi tusubiri mpaka jioni akojoe tena.